Seli shina kwa mbwa mzee: sindano ya ndani ya kiungo au dripu ya mshipani?

#1 MamaChui

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada wa mawazo, nimebaki njia panda.

Mbwa wangu Chui ana miaka 11. Nyonga zote mbili zimechakaa. Kwenye eksirei, kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakijakaa ndani ya kikombe chake, kimesogea pembeni, na kingo zimeota vimifupa. Asubuhi akitaka kuamka anajisukuma kwa miguu ya mbele, anafika nusu, anatulia, anahema, anajaribu tena. Leo nimemhesabia: mara ya 3 ndipo kasimama. Vidonge vya maumivu vimeanza kumchafua tumbo.

Daktari wa kwanza anataka amlaze kwa dawa ya usingizi, atoe mafuta yake mwenyewe, zitengwe humo seli shina (seli changa za mwilini zinazosemekana kusaidia palipoharibika), kisha azichome ndani ya nyonga zote mbili. Daktari wa pili anasema hakuna haja ya kugusa kiungo: dripu mguuni, seli zinaingia kwenye damu na "zinajua zenyewe pa kwenda". Wote wawili nawaheshimu. Sasa kama zinajua njia, kwa nini yule mwingine ahangaike na nyonga? Na kama hazijui, huyu wa dripu anatibu nini?

#2 Ngojangoja

Pole kwa Chui. Wa kwangu ana miaka 9 na naona anaelekea hukohuko, kwa hiyo siondoki hapa.

#3 BabaTembo

Mimi nilipita njia ya kiungo, miaka 2 iliyopita. Labrado, viwiko vyote viwili.

Walimlaza asubuhi, wakachana kidogo nyuma ya bega, wakatoa mafuta. Nilionyeshwa kichupa: vipande kama nta ya njano vikielea, na damu kidogo chini. Siku ya pili tukarudi. Wakanyoa manyoya kiwiko kizima, wakasugua dawa ya kuua vijidudu, wakafuta, wakasugua tena, nadhani mara 4. Sindano iliingia tupu kwanza. Ukatoka ute. Daktari akaniambia ute mzuri wa kiungo ukiuvuta kwa vidole unanyumbuka kama uzi, wa kwake ulikuwa unadondoka kama maji. Sindano ikabaki palepale, wakabadilisha bomba tu, wakasukuma seli taratibu.

Siku 2 za kwanza alichechemea kuliko alivyokuwa, nikajuta kweli. Kwenye wiki ya 5 akapanda ngazi bila kuambiwa. Ilidumu mwaka na miezi kadhaa, halafu ikaanza kurudi polepole. Dripu sijawahi kuijaribu, siwezi kuisemea.

#4 DkMbuga

Mimi ni daktari wa mifugo, natibu zaidi mbwa na paka. Mleta uzi, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana hata sisi hatujakubaliana.

Njia ziko kadhaa na kila moja ilizaliwa na ugonjwa wake. Ndani ya kiungo: nyonga, kiwiko, goti. Mshipani: magonjwa ya mwili mzima au ya kinga iliyochafuka, kama fizi za paka, utumbo, figo. Ndani ya jeraha lenyewe: kano iliyochanika, au tundu la usaha karibu na njia ya haja kubwa. Kwenye uti wa mgongo, kwa mbwa waliopooza. Hata macho yamo: kuna utafiti wa 2015 wa mbwa 12 wenye macho makavu, seli zilichomwa kuzunguka tezi za machozi na mbwa wakafuatiliwa miezi 9.

Kuhusu mafuta "kutengwa": yanakatwakatwa, yanawekewa kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikilia seli, yanazungushwa kwa mashine, mafuta yanaelea juu, seli zinakaa chini. Kinachopatikana siku hiyohiyo au kesho yake si seli shina tupu, ni mchanganyiko, na seli shina ni sehemu ndogo tu ndani yake. Ukitaka nyingi na safi zaidi, zinapelekwa maabara kukuzwa wiki 2 au 3. Hivyo ukisikia "seli shina za mafuta", uliza kwanza ni zipi.

#5 NyauWangu

Naomba kuitetea dripu. Paka wangu alikuwa na ugonjwa wa fizi na koo, mdomo mzima nyama nyekundu, akipiga miayo analia. Tuling'oa meno yote, bado. Tukaenda kwenye seli shina za mshipani, mara 2, mwezi mmoja katikati. Hakuna aliyemchoma mdomoni hata mara moja. Miezi 3 baadaye alianza kujilamba manyoya mwenyewe, kitu ambacho sikukiona mwaka mzima. Kule Chuo Kikuu cha California, Davis, ndiko walikoanzia hii, na asilimia 90 ya paka walipona. Kwa hiyo zinajua kwenda, mleta uzi.

#6 HesabuKwanza

Nafurahi kwa paka wako, dada, lakini hiyo 90 si sahihi. Ripoti ya Davis ya 2016 ilikuwa na paka 7. Walioitikia ni 5: watatu walipona kabisa, wawili walipata nafuu kubwa. Wawili hawakupata kitu. Na wote walikuwa wameshang'olewa meno, kama wako. Walipotumia seli za paka wengine badala ya za mwenyewe, ripoti ya 2017, walioitikia ni 4 kati ya 7 na nafuu ilichelewa.

Sasa kwenye "zinajua kwenda". Fuata njia ya damu. Ukichoma mshipa wa mguu, damu inarudi moyoni upande wa kulia, na kutoka hapo kituo cha kwanza ni mapafu. Kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zina upana wa kama mikromita 5 hadi 10 (mikromita 1,000 ni milimita moja). Seli shina iliyokuzwa maabara ina 15 hadi 30. Hazipiti. Kwenye panya waliofuatiliwa kwa seli zilizotiwa alama, nyingi sana zilikutwa zimekwama mapafuni, na ndani ya siku moja au mbili nyingi zilishakufa. Nyonga ya Chui iko mbali na hapo.

#7 MamaChui

Kwa hiyo ninachokilipia kitaishia mapafuni? Dk Mbuga, hili ni kweli?

#8 DkMbuga

Ni kweli. Ndiyo maana dripu hii haiendeshwi kasi. Tunaipitisha taratibu, kwenye mpira wenye kichujio kama wa kuongezea damu ili madonge ya seli yabaki nyuma, na mtu anakaa hapo anahesabu pumzi. Mnyama akianza kuhema haraka, tunafunga. Mfuko nao unageuzwageuzwa polepole kila baada ya muda, kwa sababu seli zina uzito, zinatuama chini. Ukiuacha umening'inia bila kuugusa, mwanzoni anapata maji, mwishoni anapata bonge.

Lakini kukwama si sawa na kutofanya kazi. Hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

#9 NyauWangu

Nimekubali sahihisho la HesabuKwanza, nilikariri vibaya. Ila bado nauliza: kama zilikwama mapafuni zikafa, mdomo wa paka wangu ulitulizwa na nani?

#10 MezaYaMaabara

Nafanya kazi na seli hizi kila siku, ingawa si za wanyama wa nyumbani. NyauWangu, swali lako lina majibu matatu na yote yana watu wazito nyuma yake.

La kwanza ni la zamani: tishu iliyovimba inatoa kemikali za kuita, seli zina vipokezi vya kuzinusa. Ni kweli vipo. Tatizo ni kwamba vinapungua sana seli zikikaa kwenye sahani za kukuzia.

La pili: seli haihitaji kufika. Inakaa pale ilipokwama inatema protini na vifuko vidogo vyenye ujumbe, damu inavisambaza. Mwanasayansi Arnold Caplan, ambaye ndiye aliyezipa seli hizi tunazozijadili jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwenyewe alirudi 2017 kuomba jina libadilishwe, ziitwe seli za kutoa ishara za tiba, kwa sababu hazigeuki kuwa tishu mpya kama tulivyoahidiwa.

La tatu ndilo ninaloliamini mimi: kufa kwao ndiyo kazi. Seli za ulinzi za mapafuni zinazimeza, na baada ya kuzimeza zinabadilika tabia, zinaacha kuchochea uvimbe, zinaanza kuuzima, kisha hizo ndizo zinazosafiri. Kwenye panya limeonekana kwa macho: seli za ulinzi zikiwa na mabaki ya seli shina tumboni, zimefika hadi ini.

#11 HesabuKwanza

Kuna la nne: mwenye mnyama anaona anachotamani kuona.

#12 NyauWangu

Paka aliyekuwa hali, sasa anakula. Hilo nalo nimetamani?

#13 HesabuKwanza

Kwa fizi sisemi hivyo, fizi zinapigwa picha na kupimwa, na kipimo cha damu kinaonyesha. Nasemea viungo. Mwaka 2012 kulichapishwa hesabu ya mbwa 58 wenye kuchechemea waliopewa dawa bandia kwenye jaribio, yaani kitu kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia tu. Wakapimwa kwa sahani ya chini inayosoma uzito mbwa anaouweka kwenye kila mguu. Karibu wenye mbwa 4 kati ya 10 walisema mbwa ana nafuu wakati sahani inasema hana. Madaktari nao, wakimtazama mbwa akikimbia mchakamchaka, walikosea zaidi kidogo ya hapo: asilimia 44.8.

Simkatishi tamaa MamaChui. Ninachosema, asipoanza kupima sasa hivi, kabla ya sindano, hatajua kamwe.

#14 Ngojangoja

Tayari anapima, mkuu. Soma post ya kwanza: mara 3 kabla ya kusimama.

#15 HesabuKwanza

Nimesoma, na ndicho kilichonifanya nichangie. MamaChui, mpige video kila asubuhi, sakafu ileile, kabla hajapewa kidonge. Usizitazame siku hiyo. Baada ya wiki 6 mpe mtu asiyejua tarehe azipange kuanzia mbaya hadi nzuri.

#16 MzeeWaFarasi

Nyie wa mbwa mnachelewa. Farasi walianza zamani. Kampuni ya kwanza ya Marekani ya seli za mafuta ilimtibu farasi wake wa kwanza 2003. Na Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo, wao walichukua uboho kutoka mfupa wa kidari, wakazikuza seli, kisha wakazichoma ndani ya kano iliyochanika.

Nimesimama pembeni nikiona. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele, ukiikata kwa jicho la ultrasaundi, inaonekana duara la kijivu na katikati shimo jeusi: hapo ndipo nyuzi zimekatika. Daktari anaipeleka sindano huku anatazama kioo, ncha inang'aa kama nyota, inaingia kwenye lile shimo, akisukuma unaona weusi unajaa. Farasi amesimama, kalewa tu. Hapo huulizi seli zinajua njia au hazijui. Umezipeleka mlangoni. Na shimo lenyewe ni kama mfuko, linazishika zisimwagike. Ripoti yao ya 2012 ilikuwa ya farasi 113 wa mbio, walioumia tena kano ileile ni asilimia 27.4, pungufu sana ya waliotibiwa njia nyingine.

#17 Kiherehere

Mzee, uzi wa mbwa umeingiza farasi, kesho utaingiza ngamia 😀 Lakini hilo la nyota kwenye kioo nimelipenda.

#18 HesabuKwanza

Nyongeza kwa Mzee: hao 113 walilinganishwa na takwimu za ripoti za nyuma, si na kundi lililochaguliwa kwa kura wakati uleule. Namba ni nzuri, ila ibebwe na hilo.

#19 MzeeWaFarasi

Sawa kijana, sikatai. Mimi nasema nilichokiona kwenye kioo.

#20 BabaTembo

Lakini nyonga si shimo kama la kano. Nyonga ina ute, inatembea. Seli zikiingia zinashika wapi?

#21 DkMbuga

Zinaelea, nyingine zinashika kwenye ngozi laini ya ndani ya kiungo. Gegedu lenyewe, lile tabaka linalofunika ncha za mifupa, ni gumu na linateleza kama kioo, chache sana zinakaa hapo. Kwa hiyo BabaTembo, aliyekuambia gegedu litaota upya alikuahidi makubwa. Tunachotafuta ni kupoza uvimbe ndani ya kiungo.

Na nyonga ina shida yake: imejificha chini ya misuli. Kiwiko unakipapasa, goti unalipapasa, nyonga unaingia kwa sindano ndefu ukifuata mfupa kwa hisia au kwa ultrasaundi. Ukikosa kwa sentimita moja umechoma msuli. Mwenye mbwa hatajua, na wakati mwingine daktari naye hatajua, hasa kama ute haukutoka. MamaChui, swali langu kwa daktari wako wa kwanza lingekuwa hili: utajuaje kwamba umo ndani?

#22 MamaChui

Nimeliandika. Asante sana.

#23 Upele_Mdogo

Nimesoma sehemu kwamba Brazili waliwachoma mbwa wa nyonga kwenye zile nukta za tiba ya sindano za Kichina, wala si ndani ya kiungo, na walipata nafuu. Sasa kama kukosa kiungo si neno, DkMbuga una wasiwasi wa nini?

#24 DkMbuga

Ipo, 2014. Mbwa wachache, na bila kundi la dawa bandia. Huenda njia inafaa. Huenda nukta zenyewe zinapunguza maumivu hata bila seli. Kwa ule mpangilio huwezi kutenganisha.

#25 MezaYaMaabara

Au huenda seli zikiwa popote karibu zinatosha, ishara zinasafiri. Hiyo inalipa nguvu jibu la pili la kule juu.

#26 HesabuKwanza

Au nyonga zilipata nafuu kwa sababu mbwa walipumzishwa.

#27 Kiherehere

Kila mtu anavuta kamba upande wake, na Chui anasubiri.

#28 FigoMbili

Sijachangia tangu mwanzo kwa sababu inaniuma bado. Paka wangu alikuwa na figo sugu. Kliniki moja, sitaitaja, ilimwekea dripu ya seli za paka mwingine, zilizotoka kwenye barafu moja kwa moja. Hazikufika hata nusu, akatapika, mbavu zikaanza kupanda na kushuka haraka, mdomo wazi. Aliyekuwa chumbani ni msaidizi peke yake, daktari alikuwa kwenye upasuaji. Mimi ndiye niliyepiga kelele dripu ifungwe. Alitulia baada ya saa 2. Aliishi miezi 7 zaidi, figo zake hazikubadilika hata kidogo kwenye vipimo.

Sisemi dripu ni mbaya. Nasema kila mtu anayeandika hapa kwamba "ni dripu tu, hakuna kuchoma kiungo" ajue kuna hili.

#29 NyauWangu

Pole sana. Hili sikulijua, na mimi ni mmoja wa waliosema hivyo.

#30 MezaYaMaabara

Pole, FigoMbili. Ulichokiona kimeandikwa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walifanya kazi ndefu kwa paka wa figo. Walianza kwa kuchoma figo yenyewe, ripoti ya 2011, wakaona paka analazwa usingizi mara nyingi mno, haifai. Wakahamia mshipani. Waliopewa dozi kubwa ya seli zilizotolewa kwenye barafu moja kwa moja, walitapika na kupumua kwa kasi. Zilezile zilipoyeyushwa kisha zikakuzwa tena kidogo kabla ya kutumika, hayakutokea. Na walipofanya jaribio la kugawa paka kwa kura, lenye kundi la kulinganisha, ripoti ya 2016, figo hazikuonyesha tofauti ya maana.

Seli zinatunzwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kemikali inayozuia barafu isizipasue. Zikitoka zinayeyushwa haraka kwenye maji ya nyuzi 37, dakika chache tu. Baada ya hapo saa inahesabu. Zilizokufa zinatoa uzi wa DNA unaonata, zinashikana, na bonge ndilo linaloziba. Kwa hiyo njia si mahali pa kuchoma peke yake. Njia ni pamoja na dakika 30 za kabla ya kuchoma.

#31 Upele_Mdogo

Hivi za mwenyewe na za mwingine zina tofauti gani kwa kiungo? Nasikia Ulaya kuna dawa ya mbwa iliyopitishwa rasmi, seli za kitovu cha mbwa.

#32 DkMbuga

Karibu umepatia, ila si za mbwa. Ni za farasi. DogStem, imepitishwa Umoja wa Ulaya 2022, ni seli za kitovu cha farasi zinazochomwa ndani ya kiwiko au nyonga ya mbwa. Ya kwanza kabisa kupitishwa huko ilikuwa ya farasi, Arti-Cell Forte, 2019, nayo ni ya ndani ya kiungo.

#33 MzeeWaFarasi

Kiherehere, umesikia? Mbwa anatibiwa na farasi.

#34 Kiherehere

Nimenyoosha mikono, Mzee. Ngamia tu ndiye bado.

#35 DkMbuga

Uzuri wa seli za mtoaji: mnyama mzee hakatwi mara 2, na seli zinatoka kwa mnyama mchanga mwenye nguvu. Ubaya: mwili unazitambua. Kwenye farasi waliochomwa kiungo kilekile mara ya pili kwa seli za mtoaji mmoja, kiungo kilivimba zaidi kuliko kwa seli zao wenyewe. Kwa hiyo kama unapanga kurudia kila mwaka, hilo lina uzito. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa mwongozo 2015 kwamba seli za kutibu wanyama zinahesabiwa kuwa dawa, si mkono wa daktari tu.

Jambo jingine dogo ambalo huwa nalikumbusha. Kuna wanaochanganya ganzi ndani ya kiungo pamoja na seli ili mbwa asiumie. Lignokaini na bupivakaini zinaua seli hizi, kwenye sahani za maabara inaonekana wazi. Ukimwekea ganzi kiungoni halafu ukamimina seli humo humo, umezilipia na kuziua. Mlaze mbwa, acha kiungo.

#36 BabaTembo

Mungu wangu. Wa kwangu sikumbuki kama hawakuweka.

#37 Uti_wa_Mgongo

Mmelipita la uti haraka. Mbwa wangu, mgongo mrefu miguu mifupi, diski ilipasuka akapooza nyuma. Niliulizia seli shina, daktari akanieleza habari ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, 2012: mbwa 34 waliopooza muda mrefu, walichukuliwa seli za ndani ya pua zao, zikakuzwa, zikachomwa ndani ya uti palipoharibika. Waliopewa seli, miguu ya mbele na ya nyuma ilianza kwenda kwa mpangilio kwenye mashine ya kutembelea kuliko waliochomwa maji yasiyo na seli. Ila kibofu hakikurudi, na hisia za kwenda na kutoka kwenye ubongo hazikurudi. Kwa kweli si seli shina zilezile mnazosemea hapa, ni seli za njia ya kunusa. Lakini kwa uti hakuna aliyewaambia watu "weka dripu zitafika". Waliingia palepale.

Wa kwangu sikumfanyia. Anatembelea kigari cha magurudumu 2, anakimbiza kuku vizuri tu.

#38 HesabuKwanza

MamaChui, kabla hujaamua, tazama na hii, ya upande wa kiungo. Jaribio la 2016, Marekani, mbwa 93, seli za mafuta za mtoaji, sindano moja kiungoni, mwenye mbwa hajui ni seli au maji. Waliofanikiwa kwa kipimo cha mwenye mbwa: asilimia 79.2 kwa seli, 55.4 kwa maji. Seli zimeshinda, nakubali na nimefurahi. Lakini zaidi ya nusu ya waliochomwa maji walionekana wana nafuu pia.

#39 BabaTembo

Kwa hiyo zile ngazi za wiki ya 5, sitajua kamwe ni kipi.

#40 MezaYaMaabara

Hata maji yanaosha kiungo. Ute uliojaa kemikali za uvimbe umetolewa, yameingia maji safi. Sioni sababu ya kuita nafuu hiyo ya uongo moja kwa moja.

#41 MamaChui

Wakuu, narudi baada ya wiki 5. Samahani kwa ukimya.

Nilirudi kwa wote wawili na maswali yenu. Wa dripu alinijibu kwa uungwana kwamba kwa nyonga mbili tu, angekuwa mbwa wake angechagua kiungo pia; dripu aliipendekeza kwa sababu aliogopa usingizi kwa umri wa Chui. Hilo sikuwa nimeelezwa mwanzo. Tukapima moyo na damu kwanza, vikawa sawa.

Wa kiungo nilimuuliza atajuaje kwamba yumo ndani. Akaniruhusu nitazame kioo cha ultrasaundi. Kushoto ute ulitoka, rangi ya majani makavu. Kulia haukutoka kabisa. Alijaribu mara 2, akaona ncha iko mahali pake, akachoma. Ganzi hakuweka ndani. Karatasi ya maabara ilisema seli hai asilimia 84, na seli zilikuwa zimekaa kwenye ute wa damu yake mwenyewe.

Siku 3 za kwanza alinitesa, hakutaka hata kuguswa. Sasa ni wiki ya 4 tangu achomwe. Video ninazo 31, sijazifungua.

#42 HesabuKwanza

Usizifungue. Bado wiki 2.

#43 Ngojangoja

Mimi sina subira ya HesabuKwanza. Asubuhi ya leo, mara ngapi?

#44 MamaChui

Mara 2. Jana 1. Juzi 3.

#45 DkMbuga

Upande upi anaanza kuusukuma, kushoto au kulia?

#46 MamaChui

Sijawahi kuangalia hilo. Kesho nalala sakafuni karibu naye nione.